Mboga ya Haraka Kutoka Stoo

Mwaka 2011 Samunge, kijiji jirani na Digodigo wilayani Ngorongoro, kilifurika wageni. Maelfu walifuata kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawalaza wengi njiani. Katika safari kama ile, chakula kisichoharibika ndicho humwokoa mtu.

Wenyeji wa huko, Wabatemi ambao wengi huwaita Wasonjo, wanaijua akiba tangu zamani. Mashamba yao humwagiliwa kwa mifereji ya maji ya chemchemi, na kwa desturi zamu za maji husimamiwa na wazee waitwao wenamiji. Humo hutoka mahindi, maharage, mtama na viazi vitamu. Shida ya nafaka na maharage makavu ni muda. Makande huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, na hakuna mama anayetaka kuyabandika saa moja usiku watoto wakiwa na njaa.

Dawa yake ni kuigawa kazi. Maharage yachambuliwe na kulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha maharage yachemshwe mapema, mchana au asubuhi, ili jioni yabaki kuungwa tu. Wapo wanaotia magadi, na Ziwa Natron yanakopatikana haliko mbali. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, hivyo kuloweka ni bora zaidi. Maharage mekundu hasa yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha.

Siku ambayo hakuna kilichochemshwa, lifunguliwe kopo.

Teknolojia hii ina zaidi ya miaka 200. Mfaransa Nicolas Appert alituzwa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuhifadhi chakula ndani ya chupa zilizofungwa na kuchemshwa. Makopo ya bati yakafuata baadaye huko Uingereza. Hapa nyumbani, kiwanda cha Tanganyika Packers kule Kawe, Dar es Salaam, kilitengeneza nyama ya kopo kwa miaka mingi kabla ya kufungwa.

Kwa familia ya watu wanne, makopo mawili ya samaki wa mchuzi wa nyanya yanatosha. Maji ya ugali yakiwa jikoni, kata vitunguu viwili. Vya Mang'ola, kule Karatu, vina sifa yake. Vikaange kwa mafuta kidogo hadi viwe vya kahawia, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Usiwe na haraka hapa: koroga mpaka mafuta yajitenge pembeni, la sivyo mchuzi utakuwa na uchachu. Karoti na hoho zikiwepo, zitie. Samaki waingie mwisho pamoja na mchuzi wao, maana wameshaiva, na mwiko ukizungushwa sana watavurugika. Dakika tano, ndimu, epua. Mifupa yao laini huliwa, nayo ina kalsiamu nyingi. Chumvi ionjwe kwanza, kwa sababu kopo huja na yake.

Pasipo samaki, maharage ya akiba yanaungwa vivyo hivyo. Dagaa wakavu nao wanafaa, mradi wachambuliwe mchanga na kuoshwa kwa maji ya moto. Kiporo cha makande kikiungwa kwa vitunguu na karoti ni chakula kizuri kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza.

Tahadhari moja isipuuzwe: kopo lililovimba, linalovuja au lililotoa harufu mbaya litupwe bila kuonja, maana sumu ya vimelea vya botulizimu huua. Na samaki wakibaki, usiwaache ndani ya kopo lililofunguliwa. Wahamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, waweke kwenye jokofu, na kama hakuna jokofu, waliwe usiku uleule.