Nyoka Akikuvimbia: Kweli au Uongo?

Kwenye matatu ya Magadi, taja nyoka tu: kila abiria ana kisa chake, nawe bila shaka una chako. Tuvipime.

"Nyoka aliyefugwa tangu mdogo humjua mwenyewe." Uongo. Huzoea kushikwa, basi. Boa wa mchangani, yule mfupi mnene wa rangi ya chungwa na mabaka meusi, asili yake ni nchi kavu za kwetu ingawa hufugwa sana Ulaya na Marekani. Hana sumu. Lakini mchomoe mchangani ghafla uone: hurusha kichwa ubavuni akauma, hata kama umemlisha miaka. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake ni mwewe. Mjie kwa pembeni, mbebe kwa mikono miwili, na akishakula au akikaribia kujivua gamba, mwache. Ila usimwokote porini. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inadai kibali cha KWS, shirika la wanyamapori.

"Swila hukimbiza watu." Uongo. Akiinuka na kutanua shingo anataka uondoke. Akija upande wako, huenda shimo lake liko nyuma yako. Mpishe.

"Bafe hakimbii." Kweli tupu, na wazee wasiotoka usiku bila tochi na fimbo wako sahihi. Bafe hutegemea rangi yake imfiche, hivyo hutulia hadi umkanyage. Ukisikia mfoko kama wa tairi linalotoa upepo, umeshasogea mno.

"Swila akikutemea machoni, osha kwa maziwa." Kweli, kwa kiasi. Yule mwekundu mwenye mkanda mweusi kooni hulenga uso, na hufika mita mbili. Maji safi mengi ndiyo bora, lakini mchungaji mwenye kibuyu cha maziwa tu amimine bila kusita. Kinachosaidia ni kuisukuma sumu itoke. Usisugue, kisha nenda hospitali.

"Jiwe jeusi hunyonya sumu." Uongo mtupu! Ni mfupa uliochomwa; hunata kwa sababu vitundu vyake hufyonza unyevu, na wakati huo sumu imeshazama nyamani. Wengi wa "waliopona" waliumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye nayo ambaye hakuitoa. Usichanje wala usifunge kamba. Mguu utulie, bodaboda iitwe, na mtu apige simu kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila zahanati inayo.