Maumivu ya Kiuno: Yanayopona kwa Mwendo na Yasiyopaswa Kungojewa

Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya pembezoni mwa Dar es Salaam, na sababu zake hazihitaji kutafutwa mbali. Kunduchi, wilayani Kinondoni, wagonga kokoto hushinda juani wakiwa wamejikunja juu ya mawe. Tandika na Kurasini, wilayani Temeke, makuli hubeba magunia mgongoni. Mbagala na Chamazi, akina mama huinua ndoo za lita 20, zenye uzito wa takriban kilo 20 kila moja. Waendesha bodaboda nao hurushwa na mashimo tangu alfajiri hadi usiku. Kwa watu hawa kiuno ndicho mtaji. Kinapouma, chakula cha siku hiyo huwa mashakani.

Mzigo huu ni wa dunia nzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi kwa mgonjwa inatokana na makosa mawili yanayopingana: maumivu ya kawaida kutibiwa kana kwamba ni ugonjwa mkubwa, na ugonjwa mkubwa kutibiwa kana kwamba ni maumivu ya kawaida.

Maumivu ya kawaida ni yapi?

Kiuno kina pingili 5 kubwa zinazobeba uzito wa kiwiliwili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani gegedu lenye kiini laini linalopunguza mshtuko. Karibu yake hupita neva ziendazo miguuni, na vyote hushikiliwa na kano na misuli. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hakuna ugonjwa wala jeraha moja linaloweza kutajwa kwa uhakika kuwa chanzo. Hii haina maana kwamba mgonjwa anajifanya. Maumivu yake ni ya kweli, na mara nyingi yanapoanza ghafla hupungua sana ndani ya wiki 6.

Mitaani husemwa kwamba ute wa mgongo umekauka, pingili zimesagika au figo zimechoka, na picha ya eksirei huonekana kuthibitisha hofu hiyo. Picha, lakini, yaweza kupotosha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, asilimia 80 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 60 walikuwa na diski zilizotokeza. Mabadiliko hayo ni kama mvi: ni alama ya umri, na peke yake si ugonjwa. Kwa hiyo, mgonjwa asiye na dalili za hatari hahitaji kutumia fedha zake kwa picha.

Matibabu: mwendo kabla ya dawa

Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha maumivu. Mgonjwa na aendelee na shughuli zake kadiri awezavyo, apunguze kwa muda zile zinazomzidishia maumivu, kisha azirudie hatua kwa hatua. Kutembea dakika 10 asubuhi na jioni, na kuongeza kidogo kila baada ya siku chache, ni mwanzo mzuri. Akiwa amelala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa, ainue kiuno taratibu, ahesabu hadi 5, kisha akishushe. Arudie mara 10. Maumivu madogo wakati wa zoezi si ishara ya madhara. Maumivu yanayoshuka mguuni na kuongezeka ndiyo yanayomtaka asimame na kutafuta ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kazini, kupunguza uzito wa mzigo husaidia kuliko kufundishwa namna ya kuinama tu. Nusu ndoo mara mbili ni nafuu kuliko ndoo nzima mara moja, na gunia libebwe na watu wawili. Mgonga kokoto na asimame kila nusu saa ajinyooshe.

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu, lakini zitumike kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Matumizi ya muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Wenye magonjwa hayo na wajawazito wasizinunue dukani bila kumwona daktari. Kwa maumivu yaliyozidi miezi 3, mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine wala dawa za jamii ya mofini.

Dalili zisizopaswa kungojewa

Mgonjwa afike hospitalini siku hiyo hiyo iwapo anashindwa kukojoa au kuzuia haja, anahisi ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu inalegea. Neva za mwisho wa uti wa mgongo huenda zimebanwa, na kuchelewa kwaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Afike mapema pia, bila kungoja wiki 6, iwapo maumivu yalianza baada ya ajali au kuanguka. Yameanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Hayatulii hata akilala usiku. Au yanaambatana na homa, jasho la usiku au kukonda. Aliyewahi kuugua saratani, anayeishi na VVU na mwenye sikoseli wachunguzwe kwa uangalifu zaidi. Kwa mwanamume mtu mzima, saratani ya tezi dume iliyoenea huweza kujitokeza kwanza kama maumivu ya mgongo.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na vijidudu vyake havikai mapafuni tu. Vikifika kwenye pingili huzila polepole, kwa wiki au miezi, hadi pingili ibonyee, kibiongo kitokeze na uti wa mgongo ubanwe. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu na upoozaji wake mwaka 1779; leo una tiba. Mgonjwa anaweza kuwa hakohoi kabisa, na makohozi yasiyo na vijidudu hayaondoi uwezekano huo.

Hapa ndipo sindano za mfululizo huwa hatari. Deksamethasoni huweza kutuliza maumivu kwa siku chache huku ikipunguza kinga ya mwili, na maambukizi yakaendelea kuenea. Mgonjwa anayerudi mara ya tatu kwa kiuno kile kile hapaswi kupewa sindano ya nne kabla ya kuchunguzwa upya.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Mhudumu apime joto na uzito, autazame mgongo ukiwa wazi, agonge pingili moja moja kwa upole kutafuta panapouma, kisha amtake mgonjwa atembee kwa vidole na kwa visigino. Akishuku ugonjwa mkubwa, ampe rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kama vile Mwananyamala au Temeke, na huko, ikihitajika, hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Tiba ya kifua kikuu cha mifupa huchukua miezi mingi kuliko miezi 6 iliyozoeleka kwa mapafu, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mgonjwa akianza dawa kabla miguu haijapooza, ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea.