Plasta kwenye jicho la simu

Nilikwenda kumjulia hali shangazi aliyelazwa katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Nilirudi nikiwaza kipande cha plasta nyeupe kilichobandikwa kwenye kamera ya simu ya muuguzi. Nilidhani kioo kimepasuka, nikamuuliza. "Subiri nimalize kugawa dawa," alinijibu Sista, "nitakueleza."

Ni plasta ileile ya kushikizia kanula. Akiingia zamu hukata kipande chembamba na kuziba jicho la kamera. Usiku kidonda cha kisukari kikibadilika rangi, na daktari yuko nyumbani, picha ya WhatsApp ndiyo njia ya haraka. Lakini lazima abandue plasta kwanza, na akibandua ndipo humwomba mgonjwa ruhusa. Kile kipande hakitupi. Hukibandika ndani ya jalada la daftari dogo, kisha anaziba kamera kwa kipya. Kabla ya kutoka hufuta picha moja baada ya nyingine, na kila ikifutwa hukipiga kipande chake mstari kwa kalamu nyekundu. Jioni ile vipande vilikuwa sita. Vitano vilikuwa na mstari.

"Mkono una haraka, mwanangu," alisema. "Plasta inanichelewesha kidogo, nikakumbuka huyu ni mama wa mtu."

Alianza kuziba kamera siku kitindamimba wake, akicheza gemu kwenye simu hiyo, alipomuuliza: mama, huyu bibi mguu wake umefanya nini? WhatsApp ilikuwa imehifadhi picha yenyewe kwenye simu, katikati ya picha za ubatizo. Usiku ule hakulala. Alizima uhifadhi huo, akabadilisha namba ya siri, na watoto hawaigusi tena simu ile.

Ukutani kuna tangazo lenye muhuri: simu binafsi haziruhusiwi wodini. Simu ya wodi ni ya mezani, haipigi picha. Bando ni la mfukoni mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na ni haki kabisa. Ila saa nane usiku anayebeba sheria hiyo ni mwanamke mmoja mwenye daftari.

Nilimtajia picha ya kutazamwa mara moja, ambayo WhatsApp iliileta 2021. Aliijua. Daktari huhitaji kuilinganisha na ya jana, alisema, na ya jana itakuwa imeshapotea. Nikamwambia pia kwamba picha iliyofutwa kwenye Google Photos hukaa kwenye kapu la takataka siku 60 kama ilikuwa imenakiliwa mtandaoni. Hilo hakulijua. Alinyamaza, akafungua simu, tukalitafuta kapu pamoja, tukalimwaga.

Na nakala zilizo kwenye simu ya daktari, nani anazihesabu? Hospitali ikitaka uwezo wa kuifuta simu ya Sista kwa mbali siku ikiibwa, picha za ubatizo zitapona? Nilimuuliza hayo. Alitazama saa.

Kipande cha sita kilikuwa hakijapigwa mstari kwa sababu daktari hajajibu. Alitia daftari na simu mkobani, akamkabidhi mwenzake wodi, akaenda kupanda daladala.