Pikapu ya Kikundi Ikizimika-zimika Njiani

Vikundi kadhaa vimetuuliza juu ya pikapu inayozimika bila sababu. Asubuhi inawaka vizuri, inapakia maziwa, ikifika katikati ya njia inakufa. Mkingoja nusu saa inawaka tena kama haikuwa na lolote. Ikipelekwa gereji, siku hiyo haizimiki! Basi fundi anabadilisha hiki, wiki ijayo kile, na pesa ya kikundi inaisha.

Sisi tunasema hivi: kabla ya kununua spea yoyote, mnunulieni dereva daftari. Kila ikizimika aandike: ilikuwa moto au baridi? Ilikuwa inapanda, inateremka, au imepita shimo? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Na zaidi ya yote, ilizimikaje?

Hapo ndipo penye siri. Ikikata ghafla, kama mtu amezima ufunguo, shuku umeme kwanza. Ikikohoa, ikarukaruka na kuishiwa nguvu ndipo ife, shuku mafuta.

Tuanze na mafuta. Ikizimika wakati inapanda kutoka mto Thuchi na tangi liko karibu kuisha, huenda uchafu wa chini unavutwa. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likawaka, tundu la kupumulia limeziba. Kwa dizeli, toa mafuta kidogo chini ya filta, uyatie katika chupa safi ya kioo. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Sigara mbali, tafadhali.

Upande wa umeme, tikisa vichwa vya betri na nyaya injini ikiwa inanguruma. Tazama pia ufunguo: rundo zito la funguo huchakaza swichi. Gari la petroli likizimika likiwa moto na kuwaka likipoa, mara nyingi ni koili, au kwa magari ya siku hizi ni sensa inayosoma mzunguko wa injini. Fundi apime cheche hapo hapo kabla haijapoa. Kesho yake hataona kitu. Magari haya huweka kumbukumbu ya kasoro katika kompyuta yake, kwa hivyo msikubali betri ifunguliwe kabla fundi mwenye mashine hajaisoma.

Sasa jambo la uhai. Injini ikifa, usukani wenye msaada unakuwa mzito, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha inakuwa ngumu kama jiwe. Fikirini hilo likitokea kwenye mteremko wa Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva akanyage breki mara moja na kushikilia, asipige-pige. Gari la gia za mkono aliache ndani ya gia, ashuke gia ndogo. Ufunguo asiuchomoe, usukani utajifunga. (Na wako madereva wanaozima injini makusudi mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kamati iwaulize ni mafuta ya shilingi ngapi.)

Mpaka kasoro ijulikane na irekebishwe, pikapu isibebe watu, hata watoto wa shule walionyeshewa, na isitumwe upande wa Nithi.