Usiulize Neno, Uliza Sentensi

Sentensi mbili za Kiingereza, zote za kazi ya kila siku bandarini Kilindini, zatosha kubeba somo zima la aina za maneno. Ya kwanza: They load the ship. Ya pili: They ship the load. Maneno ni yale yale manne, hakuna lililoongezwa herufi wala kupunguzwa. Katika ya kwanza load ni kitenzi: makuli wanapakia. Ship ni nomino, meli yenyewe. Katika ya pili yamebadilishana kazi. Ship imekuwa kitenzi, kusafirisha, na load imekuwa nomino, mzigo.

Ndiyo maana hunikera zoezi lile tunalolikuta kwenye madaftari ya watoto: orodha ya maneno matupu, na mtoto atakiwa aandike mbele ya kila moja kama ni nomino, kitenzi au kivumishi. Akiandika kwamba ship ni nomino, amepata. Akiandika ni kitenzi, anakosolewa, naye yuko sahihi vile vile. Zoezi kama hilo linamwadhibu mtoto aliyefikiri zaidi.

Chanzo cha tatizo ni kwamba sisi tumezoea neno linalovaa alama ya kazi yake. Kutokana na pakia twapata mpakiaji na upakiaji, na kiambishi cha mwanzo kimeshatuambia kama ni mtu au ni tendo. Hata jina Kilindini lajieleza: kilindi ni maji yenye kina kirefu, na -ni ya mwisho imeligeuza kuwa mahali. Sarufi yote hulifuata. Twasema Kilindini kuna meli, hatusemi Kilindini kina meli.

Kiingereza nacho kilikuwa na alama za namna hiyo. Miaka elfu moja hivi iliyopita meli iliitwa scip, na kitenzi chake kilikuwa scipian. Katika karne zilizofuata miisho ya vitenzi ikalika, hadi nomino na kitenzi vikabaki na umbo moja. Tangu hapo neno hutambulika kwa mahali lilipokaa na kwa majirani zake.

Basi anza na majirani. Ukiona the au a, nomino iko njiani, ingawa kivumishi chaweza kutangulia: the light load. Ukiona can, will au must, ngojea kitenzi. Kisha lijaribu neno lenyewe. Kitenzi hukubali kupelekwa wakati uliopita, loaded, shipped. Vivumishi vingi vifupi hukubali kulinganishwa, lighter, lightest.

Neno ninalolipenda kwa mafunzo haya ni fast. A fast boat, ni kivumishi. The boat goes fast, ni kielezi, kwa sababu sasa laeleza mwendo, halielezi chombo. Baharia akisema make the rope fast, hataki haraka yoyote. Ataka kamba ifungwe imara, na hapo tumerudi kwenye kivumishi. Halafu waja Ramadhani: we fast, kitenzi, the fast, nomino, saumu. Mtu aweza kudhani haya ni maneno yaliyogongana kwa bahati tu, lakini kufunga kamba na kufunga saumu katika Kiingereza vina asili moja, nayo ni kushika imara. Mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa asiogope neno hili, maana Kiswahili chake pia kimeyaweka mambo hayo mawili ndani ya kitenzi kimoja, funga.

Mtego mwingine ni container ship. Wengi huita container kivumishi kwa kuwa yaeleza meli. Jaribu kuiwekea very: very container haisemeki. Ni nomino iliyotangulia nomino, kama sisi tunavyosema meli ya kontena, ila Kiingereza hakihitaji ya.

Wala mbinu hii ya kutazama majirani si ngeni kwa mwanafunzi wa Kenya. Katika somo la Kiswahili hufundishwa kwamba huyu katika baharia huyu amefika ni kivumishi, na katika huyu amefika ni kiwakilishi. Kilichobadilika ni jirani. Haraka nayo ni nomino tukisema haraka yake ilimponza, na ni kielezi tukisema njoo haraka. Mwalimu wa Kiingereza angeanzia hapo, kwa kile ambacho mtoto ameshakijua, angeokoa vipindi vingi.

Vineno vifupi ndivyo vinavyohitaji subira. The ship came in: meli imeingia, na in ni kielezi, haikushika nomino yoyote. The ship is in the harbour: in sasa ni kihusishi, kwa sababu imeishika the harbour. Katika The ship came in in the morning ziko zote mbili zimefuatana, ya kwanza kielezi, ya pili kihusishi, na wala si kosa la uchapaji.