KOMPYUTA YA KUKODI IKIFA, NANI ATAIZIKA?

Ndugu wafanyakazi, ukurasa huu huzungumza mara nyingi juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na vumbi la mawe. Leo tunazungumza juu ya mashine isiyopiga makelele: kompyuta ya ofisini. Nayo inaweza kudhuru watu, hasa baada ya kufa.

Mtambo wa umeme wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, ulifunguliwa mwaka 2015. Umeme wake ulifika Rutshuru na Goma, na palipo umeme kompyuta hazikawii kuja.

Kompani nyingi duniani hazinunui kompyuta, zinazikodi. Ni kama nyumba ya kupanga: kompani inalipa kila mwezi, mara nyingi kwa miaka 3 hivi, halafu inarudisha mashine kwa mwenyewe. Desturi hii si mpya. Kompani ya IBM ya Marekani ilikuwa ikikodisha tu mashine zake kubwa, mpaka mwaka 1956 amri ya mahakama ilipoilazimisha kuziuza pia.

Kukodi kuna faida kubwa. Mashine inabaki mali ya mwenye kukodisha, kwa hiyo anaona faida kuitengeneza na kuikodisha tena kuliko kuitupa. Na hilo si jambo dogo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walihesabu mwaka 2004 kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani na skrini yake kulikula kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za dawa za kiwandani, na maji tani moja na nusu. Mashine ikitumika miaka 6 badala ya 3, nyingine haina haja ya kutengenezwa.

Sisi watu wa Kivu tunaijua kompyuta hata kabla haijazaliwa. Koltani ya Rubaya, upande wa Masisi, hutoa tantali inayotiwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya mashine. Watu wamefukiwa na udongo wakiichimba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, na ile ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2021, zinazidai kompani zichunguze madini yao yametoka wapi. Hiyo ni safari ya kwenda. Je, safari ya kurudi?

Hapo ndipo kuna hatari. Mikataba mingine inamwachia mpangaji mashine kwa bei ndogo mwisho wa muda. Naye anaiuza, au anampa mfanyakazi. Baada ya miaka michache inaangukia shimo la takataka, na mwenye kuulizwa hayupo. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na hata robo yake haikukusanywa kwa utaratibu unaojulikana.

Ndani ya mashine hiyo mna sumu. Skrini ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kubeba zaidi ya kilo moja ya risasi, yaani madini mazito kama yale ya betri ya gari. Skrini bapa za mwanzo zina zebaki, ileile ya wachimba dhahabu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Basi shikeni haya:

1. Usivunje kioo cha skrini, wala usimwache mtoto akichezee.

2. Usichome nyaya ili upate shaba. Moshi wa plastiki ni sumu kwako na kwa majirani.

3. Betri isitobolewe, isipigwe nyundo, isitupwe motoni. Iliyovimba iwekwe juu ya mchanga mkavu, mbali na vitu vya kuungua, na mkubwa wa kazi aarifiwe mara moja.

4. Aliyegusa vyombo vilivyovunjika anawe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake.

5. Akina mama, kasha la kompyuta mbovu lisiwekewe unga wala mboga.

Nao wajumbe wa usalama wana kazi yao. Kompani inapokodi mashine, waulize maswali matatu: Zikifa, nani atazichukua? Zitapelekwa wapi? Nani atalipa usafiri? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na kila mashine iandikwe kwa namba yake, ili siku ya kurudisha isikosekane hata moja. Wasikubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Ng'ambo ya mpaka, Bugesera katika Rwanda, kiwanda kinafungua mashine za namna hii na kutenga shaba, chuma na plastiki bila kuzichoma.

Nchi za Afrika zilitia sahihi Mapatano ya Bamako mwaka 1991 ili bara hili lisigeuzwe jalala la sumu za wengine. Mapatano hayo yanalindwa pia mlangoni pa ofisi, siku ya kutia sahihi mkataba wa kukodi.

Ndugu, kinga ni bora kuliko tiba. Uliza kabla mashine haijafika.