Fedha ya Nyumbani Inakwenda Wapi?

Katika nyumba nyingi mwisho wa mwezi huleta swali lile lile: "Mbona fedha imekwisha?" Baba humtazama mama, naye mama humtazama baba. Pasipo maandishi, swali hilo huzaa ugomvi tu.

Ziko programu za kompyuta na za simu zinazoweza kutusaidia. Si jambo geni. Quicken ya Marekani ilianza miaka ya 1980. Nyingine, kama GnuCash, hutolewa bure, na ukishaiweka katika kompyuta huhitaji intaneti kuandika hesabu zako.

Andika kila kinachotoka

Kwanza, gawanya matumizi katika mafungu: chakula, ada, matibabu, nauli, sadaka, vocha. Kila jioni ingiza yaliyotumika. Anayelipa kwa M-Pesa ana nafuu, maana ujumbe wa kila malipo hubaki katika simu yake. Makato nayo yapewe fungu lake.

Mwisho wa mwezi programu hujumlisha, na mambo madogo hujitokeza. Tuseme vocha ni shilingi 1,000 kila siku, na vitafunio vya kazini ni shilingi 1,500 kwa siku 26. Kwa mwezi ni shilingi 69,000. Kwa mwaka ni 828,000! Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

Tuna nini, tunadaiwa nini?

Jambo la pili ni thamani halisi ya nyumba yenu, yaani mali zote kutoa madeni yote. Tuseme mna kiwanja cha shilingi 6,000,000, akiba ya 1,200,000 na cherehani ya 300,000. Jumla ni 7,500,000. Mkopo wa benki ni 3,400,000, deni la kikoba 600,000 na ada 250,000. Jumla ya madeni ni 4,250,000. Kilicho chenu kweli ni 3,250,000.

Kiwanja kiandikwe kwa bei ambayo mtu angelipa leo, si ile mnayoitamani. Rudieni hesabu hii kila baada ya miezi mitatu. Muuguzi hapimi joto la mgonjwa mara moja akaridhika. Hutazama kama linapanda au linashuka. Mshahara ukipanda huku thamani ikishuka, jueni nyumba inaishi kwa mikopo.

Isiwe fimbo

Akina mama, programu haiwezi kuhesabu deni lililofichwa. Pengine kuna mkopo wa kikoba ambao baba haujui, naye ana mkopo wa kazini ambao hakuutaja. Watoto wakishalala, ketini wawili, ombeni, kisha kila mmoja ataje yake. Mwezi wa kwanza msilaumiane, someni tu. Mwezi wa pili chagueni fungu moja la kupunguza.

Neno la siri la kufungulia hesabu mlijue wote wawili. Mmoja akilazwa hospitali ghafla, mwenzake asianze kuuliza majirani nyumba inadaiwa na nani.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi na waume zetu tuhesabu, kabla ya mwezi mwingine kwisha.